Kiapo cha Tata

Nilipokuwa mtoto kule kwetu Gesima, nyoka na fisi tuliwaogopa kidogo tu. Hofu yetu kubwa ilikuwa emuma, kiapo ambacho ukikivunja kinakuua, na kikikukosa wewe kinawashika watoto wako. Hata nyanya yangu, aliyekuwa hakosi kanisani siku ya Sabato, hakuwa na mzaha na emuma.

Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa mnywaji wa chang'aa. Akienda kupeleka majani chai kwenye kituo cha kuyauzia, alirudi ameshikwa kwapani na watu wawili. Wazee wa ukoo walipochoka naye walimsimamisha uani, akalamba udongo mbele yetu sote, akaapa kwamba akionja tena, udongo ule umle. Mama alilia kwa furaha. Mimi nilifurahi hata zaidi, maana jioni hiyo Tata alinimenyea ndizi kwa mkono wake.

Tulikuwa likizo ya shule, na likizo hiyo haikuisha kabla hajarudi kunywa.

Hakuna aliyemgombeza. Watu walitutenga tu. Majirani waliwakataza watoto wao kucheza nasi, shangazi akaja akakataa hata uji wetu, na mama akaanza kumwekea Tata chakula chake kando. Kila asubuhi nilijikagua mikono na miguu nione kama emuma imenifikia. Nilikuwa mpweke jamani, na sikuwa na wa kumwambia.

Kisha tumbo la Tata likavimba na macho yakawa ya manjano. Hospitali haikuwa mbali hivyo, lakini nani angempeleka mtu anayeliwa na kiapo?

"Mwacheni mwanangu," nyanya alisema huku akilia. "Hiyo si ya daktari."

Mchana mmoja nilimpelekea uji nyuma ya nyumba, kwenye migomba, alikopenda kukaa. Nikamuuliza, "Tata, kwani wewe hukuogopa?"

"Niliogopa, Kemunto. Niliogopa sana. Usingizi sikupata, mikono ikawa inatetemeka. Nikaona nikinywa kidogo tu, nitalala."

Nilikaa naye mpaka akamaliza uji.

Tulimzika kabla ya mvua za masika. Matangani watu walitikisa vichwa, wakasema emuma haijawahi kukosea.

Nilipokuwa mtu mzima, daktari mmoja alinieleza kwamba aliyezoea kulewa akiacha ghafla hutetemeka na kukosa usingizi, na kwamba hali hiyo ina matibabu. Nilitoka nje nikalia kama mtoto. Sina ubavu wa kusema emuma haipo; mimi ni Mkisii, na ukoo wangu ungenicheka. Ila najua chang'aa ndiyo iliyomuua Tata, na kiapo kilitupa sisi ruhusa ya kumtazama tu akifa. Katika boma lile lote lililojaa hofu, aliyeogopa kutuzidi wote alikuwa yeye, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyekwenda kuketi naye.