Mnada wa Elisaria

Elisaria hakufundishwa kunadi na mtu. Alizaliwa na mdomo. Miaka ishirini, kila Jumapili ya mavuno, usharika wake huko juu ya Sanya Juu ulimsimamisha nje ya kanisa anadi sadaka za watu, na yai moja aliweza kulinadi mpaka likanunuliwa kwa bei ya kuku. Watu walicheka, wakatoa. Sifa zikamlevya.

Basi akaona kipaji hakina haja ya kungoja mavuno. Akaanza kunadi mbuzi wa majirani uani kwake kila Jumamosi, kisha ng'ombe wa yeyote aliyekuja, akichukua chake kidogo. Afisa mifugo alimwonya mara mbili kwamba mnada wa mifugo ni wa kibali, na asiye nacho atashitakiwa.

"Kanisani nimenadi miaka ishirini," Elisaria alimjibu. "Nani aliniuliza kibali?"

"Kule ni sadaka, meku, mzee wangu. Hapa unauza mnyama usiyejua katoka wapi."

Sikio la kufa halisikii dawa. Jumamosi iliyofuata, mwanamume mwenye koti la mvua alileta mtamba mweusi. Elisaria akamnadi kwa mbwembwe zote, na mtamba akachinjwa siku ileile. Kumbe alikuwa ameibwa Bomang'ombe, kwa mjane aitwaye Mektrida, ambaye hakuwa na mfugo mwingine. Mwizi hakuonekana tena. Aliyeonekana ni mnadi.

Hakimu alimhukumu kwa kuendesha mnada bila kibali: alipe faini ndani ya wiki mbili, la sivyo afungwe mwaka mmoja. Elisaria alirudi nyumbani amevimba. Alimwambia mkewe, Eliaichi, kwamba nchi hii inamfunga mzee mzima kwa sababu ya karatasi. Eliaichi aliendelea kumenya ndizi.

Ng'ombe wa maziwa walikuwa naye mmoja tu. Elisaria akamswaga hadi mnada wa serikali. Getini kulikuwa na karani mwenye daftari.

"Ng'ombe wa nani?"

"Wangu."

"Umempata wapi?"

"Kazaliwa bandani kwangu."

"Barua ya mtendaji wa kijiji?"

Elisaria akaitoa. Karani akaandika, akamwonyesha njia kwa kalamu. Ilikuwa kazi ya muda wa kufunga kamba za viatu.

Lakini mzee hakusogea. Maswali matatu tu. Yule mwenye koti hakuulizwa hata moja, kwa kuwa mnadi alikuwa na hamu ya kuisikia sauti yake mwenyewe. Aibu ilimshika pale pale getini, mpaka waliokuwa nyuma wakamwomba apishe.

Ng'ombe aliuzwa, faini ikalipwa. Kesho yake Elisaria aliteremka Bomang'ombe, akamkuta Mektrida anapalilia maharage.

"Mtamba wako nilimnadi mimi, mama," alisema. "Sikuuliza ni wa nani."

Mektrida aliegemea jembe lake.

"Nilikaa mahakamani kutwa nzima," alisema, "nikingoja uniambie hivyo."