Baraza Alilokalia Maalim

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilivua shati, nikashika nyundo, nikalivunja baraza la nyumba hii yetu ya Ngara. Miaka ya sitini ilikuwa inaishia, nami ndio kwanza nimepata ukarani mjini. Kichwa kilinivimba, usiseme. Nyumba zote tano za kichochoro hiki zilikuwa na baraza la mawe mbele, kama walivyozijenga wazee wetu waliotoka pwani. Mimi nikaona ni ushamba. Nilitaka ukuta na geti la chuma, kama kwa wakubwa wa ofisini. Mama yangu alikuwa Mombasa harusini. Nilimvizia, nakiri.

Alasiri, geti likiwa limeshasimamishwa na ukuta bado, akaja Maalim Seif, mzee aliyeishi peke yake nyumba ya mwisho. Kila siku akitoka msikitini alikaa barazani kwetu na kikombe chake cha kahawa, wala hakungoja kukaribishwa, maana barazani hakuna hodi. Akayatazama mawe, akanitazama mimi.

"Mashallah, geti zuri," akasema, akapita zake. Mimi mjinga nikafurahi.

Mama aliporudi wiki iliyofuata, hata mzigo hakutua. "Maalim yuko wapi?" Sikujua. Nikajaribu kukumbuka nilimwona lini. Siku nne zilikuwa zimepita. Tukaenda mbio. Tulimkuta kitandani, homa imemkausha midomo, hana wa kumpa maji. Zamani angekosekana barazani alasiri moja tu, tungekuwa mlangoni kwake kabla ya magharibi.

Mama alimnywesha uji mpaka akapata nafuu. Mimi aliniambia neno moja tu: "Umemfukuza mtu mzima, naye akakusifia geti." Nililia, mwanangu, na ukarani wangu wote.

Nikaling'oa geti. Mawe yalikuwa bado uani, nikayapanga upya kwa mikono yangu. Maalim hakungoja saruji ikauke. Alikuja na mkongojo wake, akaketi, akainuka na kanzu imechafuka nyuma.

"Nilichoka kusimama," akasema, tukacheka sote.

Kile kibonde cha katikati, unachotaka kukifunika kwa vigae ili nyumba ipendeze, ndipo alipoketi siku ile. Na mabaraza ya zile nyumba nne nyingine yameshavunjwa. Limebaki letu.

Sikukatazi kutengeneza nyumba, mwanangu. Paka rangi, badilisha mabati, weka taa hadi chooni. Lakini kabla hujavunja kitu cha wazee, kikalie kwanza siku kadhaa, uone nani anakitegemea. Na ukikosea kama mimi, rudisha upesi, wenyewe wakiwa bado hai. Nenda, Mungu akuweke, na usikose kamwe mtu wa kuuliza uko wapi.