Pipa la Ouma

Nikipita mahali mvua imenyeshea maganda ya mti wa muwati, ile harufu kali kama ya chai iliyolala hunirudisha Sondu, nikiwa na miaka tisa, mwaka ambao baba alikufa.

Baba alikuwa anatengeneza ngozi, na hakuua mti hata mmoja. Wauza nguzo walichubua miti yao kando ya barabara, wakaacha maganda yaoze. Sisi tuliokota, tukachemsha, maji yakawa mekundu, na ngozi za mbuzi zikalala humo mwezi mzima. Mama alijua kukwangua manyoya tu. Kuchemsha ilikuwa kazi ya baba na mdogo wake, Ouma. Namtaja kwa jina, wa nyumbani wakitaka wanune.

Baba alipozikwa, Ouma akatangaza kazi ni yake. Mama akakataa. Wazee wakaamua: Mzee Kamau, fundi viatu wa Mamboleo, akizikubali ngozi za mama, kazi ibaki kwake, akizikataa, aachie. Wiki hiyo hiyo tulikuta vyungu vyetu vyote vya kuchemshia vimepasuka, na Ouma, kwa huruma ya ghafla, akatuletea pipa la chuma.

Siku ya kuzitoa humo, mbele ya wazee, majirani na Mzee Kamau, ngozi zilikuwa nyeusi kama masizi. Mama alikaa chini. Ouma akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mama Akinyi, ulikuwa unatengeneza ngozi ama unachoma makaa?"

Kamau hakucheka. Aliikunja ngozi moja, akailowesha, akaisugua na kitambaa cheupe. Kitambaa kikabaki cheupe. Akakata ukingo kwa kisu: nyeusi mpaka ndani.

"Mama, uliweka rangi gani hapa?"

"Hakuna, Mzee. Ni hilo pipa tu."

"Wacha! Mimi napaka viatu vya shule rangi, mvua ikinyesha soksi zote zinakuwa nyeusi. Hii haitoki. Nachukua zote, na uniletee zingine kabla shule zifunguliwe."

Akina mama wakapiga vigelegele, mimi nikaruka mpaka nikaanguka. Mama akainuka, akajipangusa vumbi, akamgeukia Ouma kwa upole.

"Shemeji, asante sana. Pipa lingine unalo?"

Nilidhani anamshukuru. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, nachemsha maganda mwenyewe: hii kazi ukianza tu, unaambiwa chuma kisiguse yale maji, yatakuwa meusi. Ouma alikuwa amechemsha na baba miaka yote. Mama alikuwa anamwambia, mbele ya wazee, kwamba hila yake ameshaijua.

Na Ouma alimsikia vizuri. Kesho yake asubuhi alileta pipa la pili, amelibeba begani mwenyewe.