Foleni ya Bi. Entwistle

Bi. Winifred Entwistle alizaliwa hapa Harrowclough, Lancashire, akafanya kazi katika kiwanda cha pamba, akaolewa na Horace, mtunza boila. Na katika hayo yote hapakuwa na lililomtofautisha na wanawake wengine wa mtaa. Kilichomtofautisha ni foleni. Tangu nyama ilipoanza kuuzwa kwa mgao wakati wa vita, kila Jumamosi asubuhi alisimama wa kwanza mlangoni pa bucha la Bw. Duckworth, na kwa miaka kumi na minne hakuna aliyemtangulia. Mazishi ya mama yake yalipoangukia Jumamosi, yalisogezwa hadi alasiri. Ni yeye aliyeamua nani yuko nyuma ya nani, na aliyetaka kutoka kidogo alimwomba ruhusa.

Mwaka 1954 haukumfaa. Mwezi Mei kijana mmoja alikimbia maili moja huko Oxford kabla dakika nne hazijatimia, jambo ambalo Bi. Entwistle alilihesabu kuwa ukosefu wa subira. Mwishoni mwa Juni jua lilipatwa. Kisha, mwanzoni mwa Julai, serikali ikafuta mgao wa nyama. Wengine walivichoma vitabu vyao vya mgao kwa furaha. Yeye alikifunga chake kwa utepe, akakiweka pamoja na cheti cha ndoa, akamwuliza Horace, “Sasa mimi nitakuwa nani?”

Jumamosi iliyofuata alifika kama kawaida. Mlango ulikuwa wazi, nyama imetundikwa hadi dirishani, na hapakuwa na mtu.

“Ingia, mama,” alisema Bw. Duckworth. “Leo nyama tele.”

“Nasubiri zamu yangu.”

“Zamu gani? Si uko peke yako?”

“Ndiyo maana nasubiri.”

Bi. Crabtree, jirani yake, alikuwa akipita. Alipouona mgongo wa koti la Bi. Entwistle alisimama nyuma yake. Hakuuliza kinachouzwa, kwa maana kuuliza ni kukiri kwamba umechelewa. Mimi nilikuwa wa nne. Kufikia saa nne foleni ilikuwa imepita kanisa na kufika posta, na huko mwisho ilisemekana yamekuja mafigo. Mwanamke mmoja mgeni alitupita, akaingia moja kwa moja, akatoka na paja zima la kondoo. Tulitazama viatu vyetu.

“Wengine hawakulelewa,” alisema Bi. Crabtree, kwa sauti ya kumfikia.

Karibu na saa saba Bw. Duckworth alitoka, aproni mkononi, akatusihi. “Nafunga sasa hivi, jamani. Nyama yote hii nimpe nani?”

“Usituharakishe, Bw. Duckworth,” alijibu Bi. Crabtree. “Kuna mtu mbele yangu.”

Ilipogonga saa saba alifunga. Tulitawanyika kwa utaratibu, tukishukuriana, na waliokuwa wamesimama kule posta wakauliza kama foleni ya wiki ijayo itaanzia pale pale.

Nyumbani, Bi. Entwistle aliweka mezani mkate na mafuta ya nyama ya wiki iliyopita. Horace aliutazama mkate.

“Hukupata?”

“Sikupata.”

“Foleni ilikuwa ndefu?”

“Mpaka posta.”

Horace alishika kisu. “Na wewe ulikuwa wa ngapi?”

“Wa kwanza.”

Akamkatia kipande kinene kuliko chake.