Sombe ya Jana

Pale Mushaki kuna cyber mbili zinazotazamana, na mama mwenye ile ninayotumia kutuma safu hii hawezi kuitazama ya jirani bila kubinua mdomo. Kwa jirani, ukurasa wa hali ya barabara hufunguka papo hapo. Kwake, mduara huzunguka mpaka wateja wanahama.

"Ule anapika sombe leo, anapakulia watu mupaka kesho," aliniambia. "Anachunga page moja mu mashini, kila muntu anaonyeshwa ile ile. Miye, muntu akiuliza, ninapika mupya."

Asubuhi hiyo dereva wa lori la maharage alichoka kungoja, akavuka kwa jirani. Alirudi kwenye lori lake akitabasamu: njia ya Sake iko wazi. Mama akabinua mdomo. Mara mduara wake ukakoma, na ukurasa ukasema njia imefungwa tangu alfajiri, kuna mapigano.

Akatoka mbio, akasimama mbele ya lori, mikono kiunoni.

"Papa, zima moteri. Ile ulisoma ni ya jana."

"Wivu hiyo, Mama."

"Iko wivu. Shuka usome."

Akashuka, akasoma, akaketi mlangoni petu kungoja.

Njia ilipofunguliwa, nilimwona dereva yule yule akielekea moja kwa moja kwa jirani. Mama akamwita.

"Kwako ni ya kweli, Mama," alijibu bila kusimama, "lakini kwake inafunguka mbio."