Mbegu Juu ya Meza ya Komanda

Nyuma ya nyumba ya Séphora, mtaa wa Vulamba mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, maji ya chemchemi yanapita katika mtaro alioutandika mawe kwa mikono yake. Ndani yake imeota kresoni, majani ya majini yenye ukali wa pilipili. Nimeyaona Bruxelles yakiuzwa kwa bei ya nyama. Hapa majirani wanasema ni chakula cha sungura. Séphora huwauzia watu wa misheni, na yanayobaki huyapika kwa mawese. Kwa Wanande, wenyeji wa hapa, jani bichi halina heshima mezani. Miaka kumi na miwili ya kwanza aliyakuza bila kutafuna hata moja ambalo halijapita chunguni.

Mwaka 2001 waasi walioushika mji walipiga kambi juu ya chemchemi. Maji yakachafuka, na kresoni ya maji machafu humwuguza mlaji. Séphora aliing'oa yote. Mumewe Éliakim, mwalimu wa shule ya kanisa, alipanda baiskeli hadi Beu, huko Beni, akamwomba rafiki yao Virginie mbegu za kresoni ya nchi kavu, isiyohitaji mtaro.

Akirudi, mvua ilimkuta kwenye kizuizi cha waasi hao. Askari walipofungua karatasi aliyofungia mbegu, mbegu zilikuwa zimelowa, kila moja imejivika ute kama yai la chura. Ndivyo mbegu hizo zilivyo zikiguswa na maji. Lakini askari wale walikuwa wametoka kupigana na Mai-Mai, watu wanaojipaka dawa ili risasi zisiwaingie. Waliruka nyuma, bunduki mkononi, kisha wakamfunga Éliakim.

Jumanne Séphora alisimama mbele ya Komanda Omer, mkuu wa kambi, mtu wa jimbo la Équateur. Mbegu zilikuwa katika glasi mezani.

"Bwana yako alibeba dawa ya ba-Mai-Mai."

"Hapana dawa, komanda. Ile njo mbegu ya salade."

"Salade? Na makamasi hii? Mama, miye nilikula salade Kinshasa. Haikukuwa na mafua."

Askari wakacheka. Séphora hakucheka. Kamiyo, lori la wafungwa, ilikuwa iondoke Ijumaa na Éliakim ndani, na waliobebwa na kamiyo ile hawakuwahi kurudi.

"Dawa haioti," alisema. "Acha tuipande hapa, ku meza yako. Siku tatu utaona."

"Na kama haiote?"

"Basi munibebe na miye."

Alivua kitambaa cha kichwa, akakilowesha, akakitandaza kwenye sahani na kumwagia mbegu. Penye joto la Beni siku mbili zingetosha. Butembo, na ukungu ule, hata nne.

Jumatano alikuta ute tu. Akalowesha kitambaa, akarudi nyumbani, hakula.

Alhamisi mbegu zilikuwa zimepasuka, zikitoa ncha nyeupe. Mlinzi aliyeitwa Grady aliinama, akaruka.

"Ni funza! Komanda, iko na funza!"

Akashika sahani aitupe dirishani.

"Weka chini," alisema Omer. "Lakini kama kesho ni funza, mama, unajua."

Ijumaa injini ya kamiyo ilikuwa ikinguruma. Éliakim alikuwa juu yake, mikono imefungwa, na Séphora alipita bila kumtazama, maana angemtazama asingefika mezani. Mezani kulikuwa kijani: kila mbegu na vijani vyake viwili.

Omer alimsogezea sahani.

"Kula."

Mbichi. Séphora alinyofoa kidogo, akatafuna. Ukali ulimpanda puani, akakohoa, machozi yakamtoka, sauti ikakatika. Grady alikoki bunduki.

"Ni sumu! Anakufa!"

Séphora hakuweza kujibu. Kwa hiyo alinyofoa tena, akatafuna, na tena, akiwatazama, mpaka pumzi iliporudi.

"Ni kali tu, papa. Njo vile iko."

Omer alitia kidogo mdomoni. Pua yake pia ililowa. Nje, mlango wa kamiyo ulifungwa kwa kishindo.

"C'est ça," alisema polepole. "Njo salade kweli. Grady, kimbia! Muteremushe mwalimu."

Mke na mume walitembea mpaka mtaa wa Kimemi.

"Mbegu iko wapi?" Éliakim aliuliza.

"Nilikula."

"Ulipika wapi?"

"Sikupika."

Éliakim alisimama katikati ya njia. "Mbichi? Wewe?"

"Mbichi," alisema Séphora, akajifuta pua kwa kiganja, maana kitambaa chake kilikuwa kimebaki mezani kwa komanda.