Vifuniko vya Ijumaa

Shangazi yangu alizaliwa na shaka. Ukimwamkia kwa furaha, anauliza unataka nini; ukinyamaza, basi una jambo unaficha. Kwa miaka kumi na tisa aliosha vyombo katika maabara ya kiwanda cha juisi, na ole wako uguse rafu yake.

Kiwanda kile kilitumia kimeng'enya, majimaji yanayokatakata ute wa matunda ili juisi iwe angavu. Kabla hakijatumika, mkemia alikipima kwenye tyubu za kioo zenye urefu wa kidole. Mwaka ule ikazuka shida: kila Jumatatu kimeng'enya kilipimwa kikaonekana hoi, mkemia akamwaga chupa nzima, na Jumanne chupa mpya ikawa haina neno. Mkemia alikuna kichwa wee. Shangazi hakukuna, alishapata mtu wake.

Mtu mwenyewe alikuwa mtunza stoo, mume wa mdogo wake, mwenye ufunguo wa friji.

"Ijumaa anachomoa friji achomeke pasi yake," alituambia tukila.

"Umemwona?" nikamuuliza.

"Angekuwa mjinga ningemwona."

Akabandika uzi kwenye mlango wa friji. Jumatatu akaukuta vilevile, haujakatika. Mwingine angemwomba mtu radhi kimoyomoyo, lakini Shangazi akasema shemeji ni fundi, ameurudishia. Akaenda kwa mkemia, akamweleza yote isipokuwa habari ya uzi. Shemeji akapewa barua: ajieleze Jumatatu ijayo saa nne, la sivyo kazi hana. Mdogo mtu akaacha kupokea simu za dada yake.

Jumatatu ikafika. Asubuhi mkemia alikuwa akipima ili apate ushahidi, tyubu moja ikamponyoka ikavunjika, akatoa mpya kwenye boksi. Chupa ya kimeng'enya ni ile ile. Kwenye tyubu mpya kikachapa kazi. Kwenye tyubu za Shangazi, hoi.

"Mama, hizi unaosha na nini?"

"Sabuni, maji, halafu asetoni zikauke haraka. Miaka yote."

"Asetoni inapaa hewani yenyewe," mkemia akasema, hana uhakika. Akatazama saa, akabeba faili akaenda ofisini. Shemeji alishafika.

Shangazi akabaki peke yake na tyubu zake. Miaka yote aliziacha wazi zikauke, ni kweli. Lakini tangu miezi miwili nyuma, kila Ijumaa alizifunga vifuniko zingali mbichi, kwa sababu alishuku kuna watu wanatia vidole wikiendi. Jumatatu alivifungua mwenyewe mapema kabla mtu hajafika. Hakumwambia yeyote, maana hata mlinzi wa getini hakumwamini.

Akafungua kabati, akatoa tyubu moja aliyosahau kuifungua asubuhi, akazungusha kifuniko. Harufu ya asetoni, kali kama ya dawa ya kufuta rangi ya kucha, ikampiga puani. Chini kulikuwa na matone matatu.

Sinki lilikuwa hatua mbili tu. Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba alifungua bomba. Akasimama hapo akiyatazama maji, akimwona mdogo wake na watoto wake, kisha akalifunga. Akabeba rafu nzima ya tyubu mpaka ofisini, akaiweka mbele ya mkemia.

"Nusa. Mimi ndiye niliyefunga."

Mkemia akanusa, akashusha pumzi. Akawaeleza kwamba kimeng'enya kinaishi kwa maji yaliyokizunguka. Asetoni ikizidi hukinyang'anya maji hayo, kikapoteza umbo lake na kazi ikakishinda. Matone matatu kwenye ndoo si kitu, ila kwenye tyubu ndogo ni mengi mno.

"Kwa hiyo friji sikuchomoa?" shemeji akauliza taratibu.

"Hukuchomoa," Shangazi akajibu.

Shemeji aliikunja ile barua, akaitia mfuko wa shati. Hakuichana.

Shangazi alipewa onyo, na aibu ilimkondesha. Jumapili akawaalika wote wawili. Mdogo wake alikuja amenuna, shemeji nyuma yake. Shangazi akammiminia shemeji chai kwanza, akamwekea sukari kwa mkono wake, akamsogezea kikombe.

Shemeji akakitazama. Akamtazama Shangazi. Kisha akakirudisha polepole upande wa Shangazi.

"Onja wewe kwanza, shemeji."

Tulingoja acheke. Hakucheka. Shangazi akakinyanyua kikombe kwa mikono miwili, akanywa.